Nani Alipe Gharama ya Mkono Unaojifunza?

Tumfikirie mama mmoja wa Itilima, au wa Meatu, au wa kijiji kilicho kando ya mji wenyewe wa Bariadi. Ni mwezi wa Desemba, majira ya kupanda pamba, na mvua imeharibu njia. Amefikishwa kituo cha afya usiku, amebebwa nyuma ya pikipiki, mama mkwe wake akimshikilia kwa nyuma asianguke. Anampokea muuguzi kijana aliyetoka chuoni miezi michache iliyopita. Kijana huyo ana moyo mwema, ana cheti chenye muhuri, naye amesoma yote yapasayo kusomwa. Mtoto anazaliwa, wala halii. Rangi yake ni ya majivu, naye amelegea kama kitambaa kilicholowa. Tangu hapo yaanza ile ambayo wakunga wa siku hizi huiita dakika ya dhahabu: sekunde 60 za kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, kumsafisha njia ya hewa ikibidi, na kama bado hapumui, kumfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha ambu na kumpulizia hewa. Kijana wetu ayajua hayo yote kwa kichwa. Lakini mkono wake haujapata kuyatenda.

Swali tunalotaka kulitafakari juma hili ni la mkono huo. Ulipaswa kujifunzia wapi? Maana kila ufundi duniani una gharama yake ya kujifunza, na gharama hiyo haiepukiki. Ila yaweza kulipwa na huyu au na yule. Mzee wa Kisukuma anapomfundisha mwanawe kuongoza ng'ombe wa plau, hampeleki katika shamba la jirani. Humpa ng'ombe wapole, humpa pembe moja ya shamba lake mwenyewe, na mistari itakayopinda ni hasara ya baba. Fundi cherehani humpa mwanafunzi wake vipande vya kitambaa kibovu kwanza, wala hamkabidhi suti ya bwana harusi. Watu hawa hawakusoma vitabu vya maadili, lakini sheria yenyewe waijua: gharama ya kujifunza na imwangukie mwenye kufundisha, isimwangukie mtu asiyejua kwamba anafundishiwa.

Katika utabibu mambo hayakwenda hivyo. Kwa muda mrefu huko Ulaya mwanafunzi wa udaktari alijifunzia kazi katika hospitali za maskini, kwa kuwa tajiri alitibiwa nyumbani kwake, na huko mwanafunzi hakufika. Maskini alilipa kwa mwili wake kile asichoweza kulipa kwa fedha. Habari ya Vienna yajulikana sana, nasi twaikumbusha kwa sababu yahusu mambo ya kufundisha kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ya kuwafundishia wanafunzi wa udaktari, ya pili ya kuwafundishia wakunga. Katika miaka ya 1840 wodi ile ya kwanza ilikuwa ikipoteza karibu wazazi 10 katika kila 100, wengi wao kwa homa ya uzazi. Ile ya pili yapata 4 tu. Wanawake wa mjini walilijua jambo hilo, na wengine walipiga magoti wakisihi wasipelekwe katika wodi ya kwanza. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi, na kwamba mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vikapungua sana.

Lililo zito kwetu katika habari hii si yale maji ya klorini. Ni kwamba wodi zile mbili zilikuwa jaribio la njia mbili za kufundisha, jaribio lililoendelea miaka mingi bila mtu yeyote kulikusudia, na hesabu yake iliandikwa katika daftari za hospitali mwaka hata mwaka. Wanawake waliisoma hesabu hiyo kwa machozi. Waalimu hawakuisoma.

Shauri la kuweka kitu kingine mahali pa mgonjwa ni la zamani pia. Mwaka 1759 mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga mmoja, Angélique du Coudray, idhini ya kuzunguka nchini akiwafundisha wanawake wa mashambani, naye alifundishia kiwiliwili cha mama kilichoshonwa kwa nguo na ngozi, pamoja na mwanasesere wa mtoto. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa mji wa Stavanger, Norwe, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, alitoa mwanasesere wa kufundishia namna ya kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Na kutoka katika kampuni hiyohiyo, nusu karne baadaye, akaja mwanasesere wa mtoto mchanga. Huyu hujazwa maji mpaka awe na uzito wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mwalimu akibinya vibofu vya mpira, kitovu chapiga na kifua chapanda. Asipobinya, mtoto amelala kama mfu, na mwanafunzi lazima afanye kazi. Akikosea, hakuna anayezikwa.

Basi, mtu angedhani neno limekwisha. Wanunuliwe wanasesere, waitwe wauguzi, wafundishwe siku moja, wapewe vyeti, waende zao. Ndivyo tulivyozoea katika nchi hii, na si katika utabibu peke yake: semina, chai, posho, cheti, picha ya pamoja. Lakini hebu tuone yaliyotokea karibu nasi.

Ukitoka Bariadi kuelekea kusini-mashariki, ukapita Meatu na kuvuka mto Sibiti, wafika upande wa Mbulu, mahali paitwapo Haydom. Hapo pana hospitali ya ndugu zetu Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga wapumue, mafunzo yaleyale yaliyokuwa yameanza kuenea duniani. Miezi saba baadaye wakapimwa. Mbele ya mwanasesere matokeo yalikuwa ya kufurahisha: waliofaulu kumwokoa mtoto asiyepumua, ambao kabla ya mafunzo walikuwa 18 katika kila 100, sasa walikuwa 74. Mahali pengi kazi ingaliishia hapo, na taarifa nzuri ingalipelekwa kwa wafadhili. Lakini watu wa Haydom walikuwa wameweka watazamaji ndani ya chumba cha kuzalia, usiku na mchana, wakiandika yaliyotendwa kwa watoto wa kweli. Na daftari hizo zikasema neno lingine. Idadi ya watoto waliosafishwa njia ya hewa au kupuliziwa haikubadilika. Hata kule kumsugua mtoto ili azinduke kulikuwa kumepungua.

Wakayatangaza hayo mwaka 2013, na majina yao juu yake. Sisi twaona tendo hilo ni la uadilifu mkubwa kuliko mengi yanayosifiwa. Ni rahisi kukiri kosa la mtu mwingine. Si rahisi mwalimu aseme mbele ya ulimwengu kwamba wanafunzi wake walifaulu mtihani, na kumbe wagonjwa hawakupata faida.

Haki yatudai tuseme pia kwamba mwaka huohuo ilitolewa taarifa nyingine, ya hospitali nane za Tanzania, ambako baada ya mafunzo ya namna hiyo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu 47 katika kila 100. Mtu wa haraka atauliza ni ipi iliyo ya kweli. Yawezekana zote mbili. Mafunzo yaleyale hayafanyi kazi ileile mahali pote, na hapo ndipo ilipo hoja ya kupima, tena kupima mara kwa mara, badala ya kupima mara moja na kulala.

Baada ya kuuona upungufu wao, wale wa Haydom hawakuongeza urefu wa semina. Walifanya kinyume. Tangu Februari 2011 mwanasesere aliwekwa karibu na kazi, na kila mhudumu alitakiwa kumfanyia zoezi la dakika tatu hadi tano kila juma, na mara moja kwa mwezi zoezi la dakika kama 40. Basi! Mwaka mmoja wa namna hiyo ulipolinganishwa na mwaka uliotangulia, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 katika kila watoto 1,000 hadi 7.2. Waliohitaji kupuliziwa kwa ambu walikuwa wachache kuliko kwanza, kwa kuwa zaidi walikuwa wameamshwa mapema kwa kusuguliwa na kusafishwa. Tofauti ya njia hizi mbili si elimu. Wahudumu walijua yaleyale. Tofauti ilikuwa katika mazoea ya mkono, yanayopotea haraka kama hayatumiki, kama vile mtu aliyejifunza kinanda utotoni asivyoweza kuwaongoza waimbaji siku ya Pasaka pasipo kufanya mazoezi.

Sasa tuje kwenye pingamizi, maana liko, nalo si la kipuuzi. Wako wanaosema: kupima njia za kufundisha kwa kuhesabu watoto waliokufa ni kumfanya binadamu kitu cha kuchunguzwa. Huyu afundishwe hivi, yule asifundishwe. Kisha tuhesabu makaburi. Je, Mkristo aweza kukubali?

Papa Pius XII aligusa neno hili mwezi wa Septemba 1952, alipowahutubia huko Roma madaktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale ambayo mgonjwa mwenyewe amempa. Tena kwamba jamii haimiliki mtu kama mwili unavyomiliki kiungo chake, hata imtoe mmoja kwa manufaa ya wengi. Lakini hakusema kwamba kila hatari na kila jaribio ni haramu; alijua kwamba kudai hivyo kungezuia kila maendeleo ya utabibu, na pengine kungewadhuru wagonjwa wenyewe.

Twaafiki, nasi twaongeza neno moja ambalo twaona latiliwa mkazo mdogo mno. Wale waogopao kupima hudhani kwamba wasipopima wamejiepusha na kumjaribu mtu. Sivyo. Yule mama wa Itilima, katika usiku ule wa mvua, tayari yumo ndani ya jaribio. Chuo fulani kimeamua kumfundisha muuguzi wake kwa njia fulani. Njia hiyo yaweza kuwa nzuri au mbaya. Na mtoto wake ndiye atakayeonyesha. Mafundisho yasiyopimwa nayo ni jaribio, ila ni jaribio lisilo na daftari. Aliyekufa ndani yake hakumfundisha mtu kitu, wala hakuna atakayeulizwa.

Hata hivyo daftari lenyewe laweza kuwa chombo cha uongo, na hapa twapenda kukaa kidogo. Wakunga wenye umri waijua siri hii. Mtoto akizaliwa na mapigo ya moyo, akafa baada ya dakika chache kwa kukosa kupuliziwa, yuko mtu atakayeulizwa maswali. Akiandikwa kwamba alizaliwa mfu, hapana wa kuulizwa. Kalamu hunyoosha mkono kuelekea pale penye amani. Hatuwahukumu kwa ukali wauguzi walio peke yao usiku, wenye wazazi watatu na taa moja. Lakini tuseme wazi kwamba neno hilo si kosa dogo la karani. Kwa mama wa mtoto ni habari ya kama mwanawe aliishi au hakuishi. Kwetu sisi Wakatoliki, ambao twaamini kwamba mtu yeyote aweza kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, dakika zile chache zina uzito ambao hakuna takwimu yenye kuubeba. Na kwa yule apimaye njia ya kufundisha, mafungu mawili yakichanganywa, hesabu nzima yaharibika: njia mbaya yaweza kuonekana njema. Basi wakubwa wa hospitali na wa wilaya wafikiri kabla ya kuligeuza daftari kuwa fimbo. Mtu anayechapwa kwa sababu ya tarakimu hujifunza upesi kuandika tarakimu nyingine.

Liko na swali la zamu. Kati ya mwaka 2021 na 2023 jaribio kubwa lilifanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Yale mazoezi mafupi ya Haydom yalipanuliwa, yakaunganishwa na vyombo vipya vya kusikiliza moyo wa mtoto na mazoea ya wahudumu kukaa pamoja na kuzichungua hesabu zao wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka karibu 6.4 hadi 3.9 katika kila 1,000. Vya akina mama, kutoka yapata 240 hadi 60 katika kila 100,000. Waandishi wenyewe walikiri kwamba mabadiliko hayakuwa sawa mikoani kote, wala hakuna awezaye kusema ni sehemu gani ya faida iliyotoka kwa wanasesere na ni sehemu gani iliyotoka kwa vyombo au kwa vile vikao. Lakini ni habari kubwa.

Tazama ramani sasa. Mwanza iko magharibi ya Simiyu, Shinyanga iko kusini-magharibi yake. Na Bariadi yenyewe, kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, ilikuwa chini ya Shinyanga. Simiyu haikuwamo katika ile mitano. Tena hata ndani ya mitano hawakuanza wote siku moja. Mkoa mmoja ulifuata mwingine, ili ule ambao bado ulinganishwe na ule ulioanza. Ni halali hiyo? Twajibu kwamba ni halali kwa masharti. Iwapo kweli hakuna ajuaye kwamba njia mpya ni bora, na iwapo haiwezekani kuwafikia wote kwa mara moja, basi kupanga zamu kwa kura ni haki kuliko kupanga kwa undugu au kwa ukaribu wa barabara ya lami. Yule anayengoja haondolewi kitu alichokuwa nacho. Lakini masharti hayo yana mwisho. Siku matokeo yanapojulikana, kungoja kwabadilika jina. Kabla ya 2025 mtu aliweza kusema kwamba mzazi wa Maswa au wa Busega hakudhulumiwa kwa kukosa kitu kisichothibitishwa. Sasa hawezi kusema hivyo.

Tusije tukafanya mwanasesere kuwa sanamu ya kuabudiwa. Hana mama. Hatoi damu, haogopi, wala hafundishi mtu kusema pole. Twawafahamu wauguzi wenye mikono hodari na ulimi mkali, na wanawake wengi wa vijijini huchagua kujifungulia nyumbani kwa sababu ya ulimi kuliko kwa sababu ya umbali. Tena hata kijana aliyefanya mazoezi mara mia, iko siku ya kwanza ya mtoto wa kweli, na siku hiyo haiwezi kuondolewa. Lakini yaweza kutendwa kwa heshima. Mkunga mkubwa asimame kando, amwambie mzazi kwa lugha anayoielewa: “Mayu, huyu ni mwanafunzi wetu, mimi niko hapa na mkono wangu uko karibu na wake.” Mwanamke aliyeambiwa hivyo si tena kiwiliwili cha kufundishia. Amekuwa mmoja wa waalimu, na ana haki ya kukataa. Wengi, tujuavyo sisi, hawatakataa. Mama aliyelea watoto watano ajua vema kwamba hakuna aliyezaliwa akijua.

Mwaka hata mwaka vijana wa Simiyu huvuka kwenda Mwanza, Bugando na penginepo, kusomea uuguzi na udaktari. Wazazi wao huuza pamba na ng'ombe ili wasome. Wazazi hao wana haki ya kuuliza chuo si tu ada ni kiasi gani na nani amefaulu, bali mwanao ameshika nini kwa mikono yake, mara ngapi, na nani alikuwa akimtazama. Na wale waliopewa uzee katika kamati za afya za vijiji na kata, ambao wengi wao husoma gazeti hili, wasiridhike wakisomewa idadi ya waliohudhuria semina. Waingie katika chumba cha kuzalia. Kama kituo kina mwanasesere, waulize alitumika lini mara ya mwisho, na kama amefungiwa kabatini, waulize ufunguo uko kwa nani saa nane za usiku.